Asenath Nabiswa: Miaka Kumi na Tisa Kati ya Benchi na Geti

Tarehe thelathini Juni, 1988, Bi. Asenath Nabiswa atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho hapa Kituo cha Vijana na Kazi, Majengo, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Droo yenyewe haijawahi kufungika bila kusukumwa kwa goti la kulia, na hadi tunapoandika haya hakuna mfanyakazi aliyejitolea kurithi goti hilo. Wakuu wetu wameomba maneno machache tu ya kumuaga. Kwa mtu kama Asenath, maneno machache ni matusi, kwa hivyo msomaji na avute kiti.

Mwandishi ni Ndeti, dereva wa Kituo, na amepewa kazi hii kwa sababu ndiye aliyemzungusha mama huyu kote Eastlands katika ile pikapu yetu inayopenda kusukumwa. Siku Ndeti alipoanza kazi hapa, Asenath alimuuliza ni nani aliyemtuma. Akajibu kwamba aliona tangazo gazetini. Asenath alimtazama kwa huruma, akamwambia kwamba tangu azaliwe hajapata kuona mtu aliyetumwa na gazeti. Jambo hilo la kutumwa tulishike, maana ndilo lililobakisha kidogo tu limfukuzishe kazi mama wa watu, yeye pamoja na vijana wengi waliokuwa wamepata ajira kwa jina lake.

Asenath alizaliwa Kimilili msimu wa kumbikumbi, ndiyo maana akaitwa Nabiswa. Alikuja Nairobi na mumewe, Mzee Caleb, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, wakapanga chumba Shauri Moyo. Mwaka 1969 akaajiriwa hapa kuwa karani wa mapokezi. Kazi yake kwa maandishi ilikuwa kukaribisha wageni na kupiga chapa barua. Wageni aliwakaribisha vizuri. Barua alizipiga chapa kwa vidole viwili, vyote vya mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa wa kushikia kikombe cha chai.

Lakini wageni wenyewe walikuwa ni nani? Walikuwa vijana wa Majengo, wa Eastleigh, wa Bahati, wa Kariobangi, wamemaliza shule na vyeti vyao viko ndani ya bahasha iliyolainika kwa jasho la kwapa. Walisimama mlangoni wakauliza, "Mathe, wera iko?" Wera ndiyo kazi kwa lugha yao, na mathe ni mama. Asenath hakuweza kuendelea kupiga chapa huku watoto wa watu wakisimama mlangoni. Akasogeza meza yake karibu na mlango, akaweka benchi mbele yake, na bila mkutano wowote wa bodi tukawa na kile kinachoitwa leo Meza ya Kazi. Alizunguka viwandani na madukani akiuliza nani anahitaji watu, akirudi akawaelekeza vijana.

Sasa, wasiomfahamu waelezwe kwamba ulimi wa Asenath haujawahi kuelewana na herufi g. Gari kwake ni kari. Godoro ni kodoro. Na geti, msomaji, ni keti. Yeye mwenyewe hulicheka jambo hilo kuliko sisi, akisema Mungu alimnyima herufi moja akamlipa kwa sauti ya kwaya. Kwa kweli sauti anayo, na waliokaa karibu naye kanisani wanasema Mungu alilipa na riba.

Mwaka 1975 alikuja hapa msichana mmoja aitwaye Koki, mtoto wa Machakos, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake Kariobangi pamoja na wadogo zake. Kiwanda kimoja cha biskuti kule Viwandani kilikuwa kinatafuta watu wa kufunga pakiti. Asenath akamwambia Koki hivi: "Kesho saa moja asubuhi, keti. Na usisonge mpaka uitwe." Kesho yake Asenath alitumwa mjini posta. Alirudi karibu na saa za chakula cha mchana akamkuta Koki ameketi kwenye benchi letu, mgongo wima, magoti pamoja, tangu saa moja. Alikuwa ameambiwa aketi, naye akaketi. Kule kiwandani nafasi zilikuwa zimekwisha.

Asenath alishika kiuno. Tulidhani atamfokea. Badala yake alitazama chini, akaona sakafu imefagiwa mpaka chini ya benchi, na kreti za chupa za soda zilizokuwa zimetapakaa tangu arusi ya Jumamosi zimepangwa ukutani. Hakuna aliyemwambia Koki afanye hivyo. Alichoka tu kuutazama uchafu. Wiki iliyofuata nafasi nyingine ilipotokea, Asenath alimpeleka Koki mwenyewe kwa miguu mpaka karibu na kiwanda, akamwonyesha geti kwa kidole ili pasiwe na shaka.

Kutokana na kosa hilo la sikio ulizaliwa utaratibu wa Kituo hiki. Kuanzia siku hiyo kila kijana alikuja kwanza kuketi kwenye benchi asubuhi kadhaa kabla ya kuelekezwa popote. Asenath hakumwambia afanye lolote. Alimtazama tu: amefika mapema au amechelewa, amemsalimia mzee anayefagia au amemruka, ameona kazi au amengoja kuonyeshwa. Alitangaza kwamba kwake mtu huanza kwa keti, ndipo aende keti. Wageni walidhani mama amechanganyikiwa. Sisi tulimwelewa.

Tukirudi kwa Koki. Mageti ya viwanda miaka ile yalikuwa na ubao ulioandikwa HAKUNA KAZI, na chini ya ubao kulikuwa na soja, mlinzi wa geti. Soja wa kiwanda cha biskuti alikuwa Mzee Makau, mtu wa Kangundo, mrefu, kofia imenyooka, na swali lake lilikuwa moja tu: "Umetumwa na nani?" Kila mtu wa Eastlands analijua swali hilo. Halikuulizi umepitia njia gani. Linakuuliza mjomba wako ni nani, na kama ana gari. Koki hakuwa na mjomba wa namna hiyo. Asenath alikuwa amemwambia asidanganye, aseme ukweli. Kwa hivyo akasema ametumwa na Nabiswa.

Mzee Makau hakuwa amepata kulisikia jina hilo. Lakini soja aliyekaa getini miaka mingi anajua kwamba jina usilolijua huenda likawa kubwa kuliko unalolijua, na waliolidharau jina kama hilo sasa wanalima kwao. Akafungua. Koki akaingia, akaajiriwa, na hajatoka mpaka leo isipokuwa likizo ya uzazi.

Baada ya Koki akatumwa mwingine, na mwingine. Kila mmoja aliulizwa swali lilelile akatoa jibu lilelile. Jina likakua. Ndani ya kiwanda wakaanza kusema kwamba huyu Bwana Nabiswa ni mkubwa fulani wizarani. Wengine walisema ana gari jeusi lenye mapazia. Fundi mmoja wa tanuri aliapa kwamba aliwahi kumwona, na kwamba ni mfupi mwenye kipara. Katika waajiri wote, ni Bi. Shamso peke yake, mwenye lojingi ya wasafiri kule Eastleigh, aliyejua kwamba Nabiswa ni mwanamke wa Shauri Moyo anayetia sukari vijiko vitano, kwa sababu sukari yenyewe ilikuwa ya kwake Shamso. Naye alinyamaza, akisema kwamba jina likifanya kazi usiliulize kabila.

Mwaka 1979 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba kila mwajiri aongeze watu, kumi kwa kila mia. Redio ilipotangaza, kesho yake benchi letu halikutosha. Vijana walijaa mpaka barabarani, na baadhi yao walikuwa wamevaa tai za baba zao. Asenath alifurahi kama bibi arusi, lakini hakulala usingizi wa furaha hiyo. Alituambia kwamba sera ni kitu kizuri ila haina miguu, lazima mtu aitembeze mpaka getini. Au mpaka keti, alivyosema yeye. Basi akaitembeza. Ndeti na pikapu yake ni mashahidi, na soli za viatu vya Asenath pia, maana pikapu ilitembea nusu ya safari tu.

Desemba ya 1980 ikaja kadi ya mwaliko kutoka kiwanda cha biskuti, mkononi mwa kijana wetu aliyeambiwa amfikishie aliyemtuma. Ilikuwa sherehe ya kufunga mwaka, na mgeni wa heshima alikuwa Bwana Nabiswa na Bibi. Mzee Caleb aliposomewa kadi hiyo alikataa katakata kuwa Bibi. Asenath akasema ataenda peke yake awasahihishe kwa adabu. Alivaa gauni lake la Pasaka, akachukua mwavuli, akapanda pikapu. Pikapu ilizimika kabla ya kufika, kama ilivyo desturi yake, kwa hivyo mgeni wa heshima alimalizia safari kwa miguu huku dereva akimfuata nyuma akijipangusa grisi.

Getini Mzee Makau alikuwa amevaa sare mpya, macho yako barabarani yakitafuta gari jeusi. Akamwona mama mwenye mwavuli. Akamuuliza kwa heshima, "Mama, umetumwa na nani?" Asenath alisimama. Ndeti aliyekuwa hatua chache nyuma aliona bega lake likitikisika kwa kicheko alichokimeza. Kisha akajibu kwamba ametumwa na Nabiswa. Mzee Makau akatabasamu, akamwambia watu wa jikoni wanapitia mlango wa nyuma, na aharakishe kwa sababu vitunguu bado havijamenywa.

Mtu mwingine angekasirika. Asenath alikwenda jikoni akavimenya. Huko ndiko Koki, aliyekuwa sasa msimamizi wa zamu, alikomkuta machozi ya vitunguu yakimtoka. Koki alipiga yowe, akamvua aproni, akamshika mkono akampitisha katikati ya ukumbi mpaka kwenye kiti cha mbele kilichokuwa kikingoja mkubwa wa wizara. Vijana wetu walisimama wakapiga makofi na vigelegele. Mzee Makau alivua kofia akaikunja mara mbili. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Bwana Matheka, meneja wa wafanyakazi wa kiwanda. Maskini, alikuwa amemweleza mkurugenzi wake kwa muda mrefu kwamba yeye na Bwana Nabiswa ni marafiki wa tangu shuleni.

Aibu ya mkubwa ni mzigo wa wadogo. Januari Bwana Matheka aliishtaki Meza ya Kazi kwa bodi yetu. Alidai kwamba karani wa Kituo amejifanya afisa wa Serikali, na kwamba vijana wote walioingia kiwandani kwa jina hilo wameingia kwa ulaghai, hivyo wataachishwa kazi mwisho wa mwezi. Baadhi ya wanabodi walisema waziwazi kwamba Asenath aondoke na Meza ifungwe kabla Kituo hakijapata sifa mbaya.

Wiki hiyo tulimwona Asenath ambaye hatukumjua. Chai yake ilipoa kikombeni. Kwa nafsi yake hakuogopa, alisema, kwa sababu kwao kuna shamba na jembe halimuulizi mtu ametumwa na nani. Aliwaogopea vijana. Koki alikuwa akiwasomesha wadogo zake watatu. Wengine walikuwa wameoa kwa mshahara ule wa biskuti. Na wakishatolewa hao, geti lile na mengine yote yangefungwa kwa kijana yeyote wa Majengo. Alimwambia Ndeti, ndani ya pikapu iliyokuwa imezimika, kwamba inamuuma sana kuona ukweli wa watoto unageuzwa kuwa uongo. Ndeti akashuka kusukuma.

Bodi ilikaa Jumamosi katika ukumbi huuhuu wa Kituo. Mwenyekiti wetu wa wakati huo, mwalimu mstaafu, alianza kwa kumkumbusha Asenath kwamba nguo ya kuazima haisitiri, akaishia hapo kwa sababu mchungaji alikuwapo, ingawa sote tulimalizia moyoni. Asenath aliinuka. Alisema hakuazima nguo ya mtu. Aliazimisha jina lake mwenyewe, alilopewa na mama yake msimu wa kumbikumbi, na kila aliyeazima alijua kwamba siku ya mshahara wa kwanza atarudi hapa aeleze amelitumiaje. Hakumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni mkubwa. Swali lilikuwa nani amewatuma, na wao walitumwa naye. Kama kuna waliosikia wizara ndani ya jina hilo, masikio ni yao.

Bwana Matheka alikuwa amemleta Mzee Makau awe shahidi wa ulaghai. Mzee akasimama, kofia mkononi, akaulizwa aeleze jinsi alivyodanganywa. Akaeleza. Alisema kwa miaka mingi amefungulia watu waliotumwa na madiwani, na machifu, na mashemeji wa wakurugenzi. Wengi wao aliwaona wakiingia saa tatu na kusinzia saa nne. Lakini hawa wa Nabiswa, asubuhi akija kufungua geti huwakuta wamekwisha kufika, na mmoja wao amefagia mbele ya kibanda chake. Ndipo alipoanza kuwapitisha wao kwanza, mkubwa awe ni nani asiwe ni nani. Yeye hakudanganywa, alisema. Alipewa jina, akapewa pia watu wanaofanana nalo.

Mwenyekiti alimgeukia Bwana Matheka akamuuliza kama kuna hata mmoja kati ya vijana hao ambaye kiwanda kingependa kumpoteza. Bwana Matheka alifikiri, akasema la, hasa yule Koki. Mwenyekiti akauliza tena, kwa sauti ya mwalimu anayejua jibu, yeye mwenyewe alipoanza kazi pale alikuwa ametumwa na nani. Bwana Matheka alitazama dari. Kisha, na tumpe haki yake, akawa wa kwanza kucheka. Alisema ni mjomba.

Vijana walibaki kazini. Asenath alibaki mezani. Kiwanda na Kituo vikaandikiana kwamba tangu sasa vijana watatoka benchini kwenda getini hadharani, wajaribiwe miezi mitatu, anayeweza abaki na asiyeweza arudi, mjomba asihusishwe. Waajiri wengine walisikia wakataka wafanyiwe hivyohivyo. Leo wageni wanaokuja na vitabu kutuuliza juu ya sera za ajira kwa vijana huonyeshwa benchi. Wengine huliandika, wengine hudhani tunawakaribisha wakae.

Mkutano ulipokwisha, Mzee Makau alimngoja Asenath nje. Alikuwa na jambo zito. Kumbe miaka yote aliyoshika ufunguo wa geti lile, binti yake Mbithe alikuwa nyumbani na cheti cha kidato cha nne, na yeye Makau hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Akaomba kama Nabiswa anaweza kumtuma. Asenath alimshika mkono akamwambia, "Jumatatu saa moja, keti." Mzee Makau, ambaye kufikia hapo alikuwa amekwisha kuelezwa juu ya ulimi wa mama huyu, akatikisa kichwa kwa kujua. Jumatatu saa moja akasimama na binti yake kwenye geti la kiwanda, geti lake mwenyewe, wakangoja mpaka jua likawa kali. Asenath naye alikuwa akiwangojea benchini. Mbithe aliketi siku iliyofuata, na leo ndiye karani wa stoo kiwandani hapo.

Hatutataja wote aliowatuma, kwa kuwa jarida hili lina kurasa nane tu. Viwanda vilipoanza kupunguza watu, Asenath hakulia na ubao wa HAKUNA KAZI. Aliwageuza vijana upande wa Gikomba kwa maseremala na wachomeleaji, zamani kabla watu wa jua kali hawajaanza kutajwa redioni kwa heshima. Wasike, aliyelalamika kwamba hakusoma miaka yote ile ili apige randa, sasa ana karakana na vijana wake, na inasemekana mlangoni pake kuna benchi.

Asitukuzwe kupita kiasi, hata hivyo. Asenath ni mkaidi. Kijana aliyeweka mikono mfukoni alirudishwa nyumbani hata kama ana vyeti vya kujaza gunia. Sukari ya ofisi aliimaliza mwaka baada ya mwaka bila majuto. Na kwa pikapu ya Kituo ametumia maneno ambayo kwaya yake haiyajui.

Siku ya kumuaga, Mzee Makau, aliyestaafu kabla yake, ameomba asimame kwenye geti letu na kofia yake ya zamani. Kila mgeni ataulizwa swali lilelile, na jibu tunalijua sote. Ndani kutakuwa na zawadi aliyoiunda Wasike: kiti cha mvule chenye mikono mipana ya kuwekea kikombe. Baada ya hapo Asenath na Mzee Caleb watarudi Kimilili, ambako tumesikia vijana wameanza kuulizia atafika lini.

Bi. Asenath, asante. Ulitupa jina lako tukapita nalo mahali ambapo majina yetu hayakujulikana. Tunalirudisha likiwa zima. Tunakuombea mvua ya wakati wake, kuku wasioliwa na mwewe, na sukari isiyo na wa kuihesabu. Huko uendako, mtu akikuuliza umetumwa na nani, mwambie umetumwa na sisi. Na neno lako lile, lililotusumbua masikio miaka kumi na tisa tusijue unatutuma au unatukalisha, leo tunalisema sisi kwako, na safari hii lina maana moja tu. Kiti kiko tayari, mama. Keti.